Zamu ya Paka

Jumapili, 3 Machi

Leo Baba amenitoa kama mtu anavyomtolea mgeni kiti. "Huyu hapa," akamwambia wakili. "Atatafsiri binti yangu. Mtu wa nje simtaki." Nilikuwa nyuma ya pazia la mlango, nangoja wageni waondoke ili nipite kwenda kunywa maji. Ndivyo nilivyo. Wageni wakija, mimi hukaa na kiu mpaka watoke.

Wakili ni mwanamke kutoka nchi ya wenye kituo cha umeme anakofanya kazi Baba. Kiswahili anajua neno moja tu, tafadhali, na halichagulii mahali. Tafadhali akikaa, tafadhali akisimama, tafadhali akikanyaga viatu vya watu mlangoni. Chai haijapoa, Mama keshampa jina: Bibi Tafadhali.

Niandike jambo lenyewe lilivyo, maana nikiliandika hulielewa zaidi. Baba ni msimamizi wa zamu katika kituo cha umeme cha makaa ya mawe. Serikali imetunga sheria kituo kifungwe mvua hizi zikiisha, umeme utoke kwenye jua na upepo. Wenye kituo wamekataa. Kumbe kabla sijazaliwa, nchi yetu na yao zilitia saini mkataba: mwekezaji wao akileta mali yake hapa, serikali isiiguse bila haki, na ikiigusa, kesi haiendi mahakama ya hapa. Inakwenda kwa waamuzi watatu, mbali huko, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuona moshi wetu. Kampuni inadai ilipwe mpaka faida ya miaka ambayo bado haijafika. Nilidhani nimesoma vibaya, nikarudia. Ndivyo ilivyoandikwa.

Serikali nayo inasema kituo kinachafua. Inasema bwawa la majivu, lile ziwa la tope la kijivu nyuma ya kituo, hufunguliwa kwa siri mvua zikizidi. Kampuni inasema lango la bwawa halijawahi kufunguliwa. Na shahidi wa hilo ni Baba. Ataapa.

Baba hawezi kusema "mwambieni sipo" hata akiwa hoi kitandani. Kwa hiyo sina cha kuogopa. Ila najiuliza, kama ni ukweli mtupu, mtu wa nje ana ubaya gani?

Jumatano, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Baba amerudi ananuka makaa mabichi. Anasema makaa yakilowa hugoma kama punda.

Jumamosi, 9 Machi

Leo tumefanya mazoezi ya kwanza, katika chumba cha juu cha hoteli. Meza ndefu, chupa za maji, kiyoyozi kinachopuliza shingoni mwangu tu. Bibi Tafadhali alieleza kwamba siku ya ushahidi Baba atakaa mbele ya kioo cha kompyuta, waamuzi watamwona kutoka huko waliko, na wakili wa serikali atamhoji kwa ukali. Siku hiyo atakuwepo mkalimani wa kazi. Sasa hivi ni kumzoesha tu. "Nikivaa miwani, ni mimi," akasema. "Nikiivua, mimi ni wakili wa serikali. Tafadhali."

Akaivua. Uso wake ukabadilika hata nikashika ukingo wa kiti.

"Shahidi," akasema kwa Kiingereza, "wewe ni mwongo."

Baba alinigeukia, mikono juu ya magoti kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Anasubiri. Sentensi ilikuwa fupi, maana yake naijua, ulimi ukakataa. Kuna maneno ambayo mtoto hawezi kuyaelekeza kwa baba yake, hata kama ameyaazima.

"Baba," nikasema, "anauliza kama una hakika."

"Mwambie nina hakika."

"Umenunuliwa na kampuni!"

"Anauliza kama kuna mtu amekushauri."

"Hakuna. Nimejishauri mwenyewe."

"Huoni haya?"

Hapo nikakwama kabisa. "Baba, anauliza... hali yako."

Baba akainamisha kichwa kwa adabu. "Mwambie sijambo, namshukuru."

Nilimwambia. Bibi Tafadhali alivaa miwani polepole akamtazama Baba kama mtu aliyeokota kito njiani. Aliniambia hajapata kuona shahidi mtulivu namna hii. Hakuna kinachomtikisa.

Njia nzima Baba alikuwa mchangamfu. "Huyu mama ana moyo," akasema. "Anafoka, lakini anauliza kwa heshima."



Jumanne, 12 Machi

Mvua. Jaribio la hesabu. Sina la kuandika.

Jumapili, 17 Machi

Mjomba alikuja kula. Ni kaka yake Mama, fundi wa paneli za sola katika shamba la jua lililo bondeni, chini ya kituo. Yeye na Baba hawawezi kukutana bila kuchomana.

"Muuza Vioo," Baba akaanza, "jua umelificha wapi wiki nzima?"

"Shemeji, jua linaona aibu. Moshi wenu umelichafulia nguo."

"Basi kituo kikifungwa, watu wapikie nyota."

"Wapikie nyota, wewe ukae nyumbani ufunzwe kupika. Dada, una kazi!"

Tulicheka hata Mama akaweka sahani chini. Kisha Mjomba, bado anacheka, akasema: "Ila mkanyeni paka wenu. Juzi alfajiri katapika tena kwenye vioo vyangu. Nimesugua tope mpaka mchana."

Kicheko cha Baba kikazimika. "Kula," akasema. "Chakula kinapoa."

Nilimfuata Mama jikoni. Paka gani?

"Paka wa kituoni," Mama akasema, macho kwenye masufuria. "Ni utani wao wa siku nyingi. Zamu moja ikishatia saini kutoka, na nyingine haijatia saini kuingia, pale katikati kituo hakina mwenyewe. Taa ikivunjika muda huo, nani kavunja? Paka. Spana ikipotea? Paka. Wanaita zamu ya paka. Hakuna anayeulizwa."

"Na lango la bwawa?"

Mama alifungua bomba la maji kwa nguvu. "Shika hiki kitambaa, ufute vyombo."

Nimefikiri sana. Kabla hajaondoka, Mjomba aliniuliza mimi, pembeni, Baba ataapa lini. Kwa nini anataka kujua? Shamba la jua ni la serikali, ndiyo inayomlipa. Labda alimtaja paka makusudi aone Baba atafanya uso gani. Simwamini Mjomba tena. Naandika hivi na naona uchungu, kwa sababu ndiye aliyenifundisha baiskeli.

Jumamosi, 23 Machi

Mazoezi ya pili. Sasa nasikiliza kama mwizi.

Katika maelezo ya Baba kuna maneno yanajirudia: katika zamu yangu. Katika zamu yangu lango halikufunguliwa. Katika zamu yangu sikuona tope likitoka. Mwanzo niliyatafsiri tu, kama mtu anavyopita kwenye ngazi bila kutazama miguu. Leo nimetazama. Kama paka ndiye anayefungua, basi Baba anaweza kuapa na asiwe amesema uongo hata neno moja. Na mwenzake wa zamu inayofuata anaweza kuapa hivyo hivyo. Wote wawili wakweli, na tope liko bondeni.

Miwani ilivuliwa. "Unajificha nyuma ya maneno, shahidi. Mwongo mkubwa wewe."

"Baba, anaomba ufafanue kidogo."

Akafafanua, kwa upole, katika zamu yake. Bibi Tafadhali anasema sasa Baba atakuwa shahidi wa kwanza. Suala zima la bwawa wataliweka juu yake, kwa sababu ya ule utulivu.

Ule utulivu ni mimi niliyemshonea. Siku ya siku mkalimani mgeni atalitupa lile neno kama lilivyo, na Baba atakuwa uchi mbele ya dunia.

Jumanne, 26 Machi

Mwalimu wa Kiswahili kanituma nisome insha yangu mbele ya darasa. Nimesema naumwa koo. Mvua.

Ijumaa, 29 Machi

Mvua.

Alhamisi, 4 Aprili

Nilimpelekea Baba chai akiwa anafunga kamba za buti. Nikauliza nikiangalia buti. "Baba, yale maneno, katika zamu yangu. Uliyasema wewe?"

"Maneno ya wakili hayo. Wao ndio wanajua kuandika."

Akafunga fundo mara mbili. Baba hafungi fundo mara mbili.

Jumamosi, 6 Aprili

Nilimuuliza Bibi Tafadhali swali lile lile wakati Baba yuko msalani. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima.

"Ni maneno ya baba yako," akasema. "Mimi naandika anachosema. Siongezi."

Hakushangaa kuulizwa. Hilo ndilo lililonitia baridi. Mtu asiyejua kitu huuliza, "kwa nini?" Yeye aligeuza ukurasa.

Basi Baba anasema ni ya wakili, wakili anasema ni ya Baba. Hata maneno yamezaliwa katika zamu ya paka.

Jumanne, 9 Aprili

Imenyesha mchana kutwa. Baba yuko kazini usiku. Mama anashona, kila mara anasimamisha cherehani asikilize paa.

Jumatano, 10 Aprili

Sijui nianzie wapi. Herufi zangu zinaonekana za mtoto wa chekechea.

Asubuhi nilikuwa navaa soksi za shule. Dada mmoja mfanyakazi wa shamba la jua alikuja mbio, magoti yake ya kijivu. Akamwambia Mama, "Kaka yako kachukuliwa na tope." Mama hakupiga kelele. Alichomoa sindano kwenye kitambaa, akaichomeka kwenye mto wa sindano, ndipo akatoka bila viatu.

Bondeni kulikuwa kama mtu amemwaga saruji. Safu za chini za paneli zimelala, nyingine zimechungulia juu kama migongo ya meza. Mjomba alikuwa amefika mapema kuzima swichi, kwa sababu ya mvua. Tope lilimkuta kati ya safu. Alikumbatia nguzo ya paneli, tope kifuani, mpaka watu wakamfikia na kamba na mbao. Tulipofika walikuwa wanamvuta. Mguu wa kulia ulitoka ukiwa umegeukia upande usio wake. Alikuwa wa kijivu mwili mzima isipokuwa macho.

Akaniona. "Mpwa wangu," akasema, meno yanagongana, "usiniangalie hivyo. Vioo viko salama?"

Nikalia mbele ya watu wote. Mimi.

Hospitali wamesema mguu umevunjika mahali pawili, na kifua wanakiangalia kwa sababu amemeza tope. Ameuliza habari za Baba kabla ya kuuliza za mguu. "Shemeji yuko salama? Usiku alikuwa zamu." Na mimi niliyemshuku kwenye kurasa hizi! Nilimuuliza kwa nini siku ile alitaka kujua siku ya kiapo. Akasema, "Nilitaka nimsihi asiape. Nikakosa mdomo. Si unajua utani wetu, ukishazoea kucheka na mtu, kumwambia la kweli ni kazi."

Kampuni imetangaza kwamba mto umefurika. Mto uko upande wa pili.

Baba alirudi mchana. Mama alikuwa hospitali. Hakuniuliza alipo, kwa hiyo alijua. Alikaa kwenye ngazi ya nyuma akaosha buti zake kwa brashi, akaziosha tena, maji yakatoka meupe, bado anasugua. Nilisimama dirishani na swali mdomoni. Kuna dirisha na hatua chache kati yetu. Sikuweza.

Alhamisi, 11 Aprili

Baba alikwenda hospitali. Mama anasema alisimama mlangoni mwa wodi, akarudi bila kuingia.

Ijumaa, 12 Aprili

Kesho mazoezi ya mwisho. Jumatano ijayo ni kiapo. Nimejua mahali pekee ambapo mimi huweza kusema na Baba bila kuwa mimi.

Jumamosi, 13 Aprili

Miwani ikavuliwa. "Shahidi, wewe ni mwongo."

Nikavuta pumzi. "Baba, anasema wewe ni mwongo."

Baba alimtazama Bibi Tafadhali. Kisha akanitazama mimi. "Kasema hivyo?"

"Ndiyo, Baba."

"Leo tu?"

"Tangu siku ya kwanza."

Akafikiri. "Na mimi nikamwambia sijambo."

"Ndiyo, Baba."

"Namshukuru."

"Ndiyo, Baba."

Bibi Tafadhali alikuwa ameinua kalamu, anatutazama huku na huku. Akauliza swali jepesi, labda kutuliza hewa: Baba amefanya kazi kituoni muda gani? Nikamgeukia Baba. Nilisikia kiyoyozi. Sauti iliyotoka ilikuwa ile ya kutafsiri, ile isiyo yangu, ndiyo maana iliweza.

"Baba, anauliza, Jumatano alfajiri nani alifungua lango?"

 Akamtazama wakili, aliyekuwa bado anangoja jibu.

"Hajauliza hivyo," akasema.

"Hapana, Baba."

"Huyu hajui kitu cha Jumatano. Swali ni la nani?"

Nilitaka kusema la Mama, la Mjomba, la mtu yeyote. "Langu."

Nilidhani atasimama. Baba alisogeza chupa ya maji pembeni, kama mtu anayetaka kuona vizuri, akaniambia mimi, si wakili:

"Nilishatia saini kutoka. Mwenzangu hajatia saini kuingia. Ukuta wa bwawa ulikuwa unatoa jasho, mwanangu. Nisingefungua ungepasuka, na upande ule kuna nyumba. Miaka yote tumeomba ukuta uinuliwe. Wakubwa hawaandiki amri. Wanapita tu, wanasema, 'Mvua hii kubwa, mnajua cha kufanya.' Tukajua. Tukamsingizia paka, tukacheka. Jumatano mkono ulikuwa wangu. Nilijua bondeni hakuna mtu saa ile. Nilijua, kumbe sikujua."

"What did he say?" Bibi Tafadhali akauliza. Sentensi hiyo naiacha kama ilivyo, nimeisikia kichwani siku nzima.

"Mwambie," Baba akasema. "Na safari hii usinipunguzie."

Nikamwambia yote, mpaka paka. Sikupunguza hata jasho la ukuta. Nilipomaliza, Bibi Tafadhali alikuwa amevaa miwani na sikumbuki aliivaa saa ngapi. Alifunga kalamu. Akasema kwamba sasa akishajua haya, hawezi kumwapisha Baba. Alisema hivyo kwa huzuni ya kweli, na nilimheshimu kwa muda wa kushuka ngazi.

Jumatatu, 15 Aprili

Wamemchukua msimamizi wa zamu ile nyingine. Ataapa yeye kesho kutwa. Katika zamu yake lango halikufunguliwa. Bibi Tafadhali hatamuuliza habari za katikati. Nadhani ndiyo elimu yao yenyewe, kujua swali gani lilale.

Baba alisikia habari hizo akiwa mezani. Akasema, "Basi lango litaapiwa na mwingine," akaenda kulala mchana, kitu ambacho hafanyi.

Mama: "Mwache."

Jumanne, 16 Aprili

Asubuhi Baba alikwenda hospitali na safari hii akaingia wodini. Mama aliwaacha peke yao. Anasema alimsikia Mjomba akisema, "Toka hapa, muuaji wa vioo," halafu wote wawili wakawa wanalia au wanacheka, mlango ulikuwa mnene.

Aliporudi alimwomba Mama ampigie pasi shati. Anakwenda kwa mawakili wa serikali, walioweka ofisi jengo la posta. Nikaanza kutafuta viatu vyangu.

"Unakwenda wapi, mama?" akaniuliza.

"Kukutafsiria."

"Wale wanaongea kama sisi. Kaa. Nikiitwa mwongo, wacha nisikie mwenyewe."

Akaenda bila mwavuli. Mchana kutwa sikufanya kitu. Nilimshuku kila mtu kwa zamu: mawakili wa serikali kwamba watamtumia halafu wamtupe, kampuni kwamba itamfukuza kabla kituo hakijafungwa, jirani aliyechungulia ukutani, na Baba mwenyewe, kwamba atafika mlangoni na kugeuka kama siku ile hospitali.

Amerudi jioni, amelowa, akakaa moja kwa moja mezani. Mama alimpakulia akasimama nyuma ya kiti.

"Wamesemaje?"

"Wameniita mwongo."

Nikaacha kutafuna.

"Ukawajibuje?"

"Nikawaambia ndiyo, mpaka jana." Akaonja mchuzi, akanyoosha mkono bila kuniangalia. "Nipe chumvi."

Nikampa.